Penseli ya Kituoni na Kura za Kata Yetu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa beji ya kuning'iniza shingoni, mfuko uliojaa fomu, na onyo. Onyo lilitoka kwa Mkuu wa Ofisi ya Uchaguzi ya halmashauri yetu, Mwingereza mrefu, mkavu, aliyekuwa na mazoea ya kula tufaa lote pamoja na mbegu zake huku akikusemesha.

"Rehema," aliniambia, "usiingie nyumbani kwa mtu. Usinywe chai ya mtu. Usimuulize mtu chama chake. Unachotaka ni majina ya watu wazima wanaoishi humo, basi. Kazi yetu ni kama ya fundi bomba. Maji yakitoka, hakuna anayetukumbuka."

Nilikuwa mtu mzima wakati huo, mwanamke wa Tanga, nimeshafanya usafi wa maofisi na kuhudumia wazee majumbani mwao hapa London, na nilidhani kugonga milango ni kazi ya kitoto. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeshavunja sharti la chai.

Kila mwaka halmashauri huzipelekea nyumba zote barua ya kuhakiki daftari la wapiga kura, yaani orodha ya wenye haki ya kupiga kura. Wasiojibu ndio tuliowafuata mlangoni. Mimi nilipangiwa maghorofa ya halmashauri, yale ambayo lifti zake zikiharibika huharibika zote kwa pamoja kana kwamba zimeambizana. Nikifika mlangoni nasikia televisheni. Nikigonga, televisheni inanyamaza. Walidhani mimi ni mtu wa uhamiaji. Sikuwalaumu, maana nilipokuwa mgeni hapa niliwahi kujificha jikoni kwa sababu ya kijana aliyekuja kusoma mita ya gesi.

Ghorofa ya juu kabisa nilikutana na harufu ya ndizi za kupika na nyama. Nikajua hapa kwetu. Nikaacha kugonga, nikaita, "Hodi! Hodi wenyewe!" Kimya. Nikaita tena. Mara ya tatu mlango ukafunguka upana wa mnyororo wake.

"Mtu anayepiga hodi haachwi nje," sauti ya mama ikasema. "Nani mwenzangu?"

Huyo ndiye Mama Kessy, Mchaga wa Kilimanjaro, mwenye duka la unga, dagaa na mafuta ya mawese kando ya kituo cha treni. Jina nimembadilisha, na kata yetu ya kusini mwa London siitaji, kwa sababu mtakayoiona mbele.

"Mimi si Mwingereza, mdogo wangu," alisema alipoona fomu. "Passport yangu ya Tanzania."

"Si lazima uwe Mwingereza, dada. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi hapa anapiga kura, ya diwani na ya mbunge."

"Usinitanie."

"Nikutanie na beji shingoni?"

Aliniangalia, akafungua mnyororo, akaniletea chai ya tangawizi pale pale kizingitini, nikainywa nimesimama ili nisivunje sharti la kuingia ndani. "Miaka yote hii nalipa council tax, kodi yao ya nyumba," akasema, "nimenyamaza kama maji mtungini, kumbe nina kura!" Akaandika jina lake kwa herufi kubwa, akibonyeza kalamu mpaka karatasi ya chini ikapata alama. Mimi ndiye niliyemwandikisha, na jambo hilo ndilo lililonisumbua miaka iliyofuata.

Niwaeleze kata yenyewe, maana mtumishi wa uchaguzi asiyeijua kata yake ni kama mpishi asiyekijua chungu chake. Kata huchagua madiwani, na kata kadhaa zikiunganishwa ndilo jimbo la mbunge. Yetu ilikuwa na vituo vitatu: ukumbi wa kanisa chini ya maghorofa, shule ya msingi, na maktaba karibu na bustani, kwenye nyumba kubwa za matofali. Vyama nitaviita kwa rangi, kama tulivyoviita wenyewe ofisini. Tangu zamani kata ilikuwa ya Wekundu. Wangesimamisha hata jiwe, lingepita. Sanduku la maktaba lilikuwa na Wabuluu wengi, na mawakala wao walivaa tai nzuri, lakini likifunguliwa sanduku la ukumbi wa kanisa, tai zinalegezwa.

Kisha kiwanda cha biskuti nyuma ya shule kikavunjwa, yakapanda maflati ya vioo, wakaja vijana wa baiskeli na kahawa ya bei ya kustaajabisha. Sanduku la shule likaanza kugeuka Kijani. Wakati huo huo wenzetu wa maghorofani walikuwa wakipandishiwa kodi na kuhamia pembezoni mwa jiji, familia moja moja, pamoja na kura zao. Bandu bandu huisha gogo. Mtu wa nje alisema kata yetu haibadiliki, lakini sisi tuliokuwa tukibeba masanduku tuliona inayumba muda mrefu kabla ya magazeti. Kura ya mtu hatukuijua, tulijua masanduku.

Baada ya kugonga milango nilipandishwa kuwa karani wa kituo, anayetafuta jina daftarini na kukabidhi karatasi ya kura. Hatimaye nikawa Msimamizi wa Kituo, mwenye funguo, lakiri na lawama zote. Nilipewa ukumbi wa kanisa. Kituo cha Kiingereza ni kitu kitulivu mno. Hakuna askari wenye bunduki, hakuna foleni ya alfajiri, kuna vibanda vya mbao hafifu ambavyo kwetu tunaviita vituturi, na ndani ya kila kituturi kuna penseli iliyofungwa kwa kamba. Wazungu hupita, huchora X, hukunja karatasi, huulizia mvua, huondoka.

Watu wetu hawakuwa hivyo. Wazee walinyoosha kidole wakisubiri kuchovya wino, nikawaambia hapa hakuna wino, wakaondoka wakikiangalia kidole kama kimedhulumiwa. Na wote, Mkenya, Mtanzania, Mkongo aliyekwisha kupata uraia, walitoka kwenye kituturi wameishika penseli mpaka mwisho wa kamba yake.

"Hii ndiyo kalamu?" waliniuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Penseli? Ya kupigia kura?"

Nilicheka siku hizo za mwanzo. Nilidhani ni mshangao wa kawaida tu, na kesho yake nikausahau.

Kuhesabu kura za madiwani kwetu hufanyika asubuhi ya pili, kwenye ukumbi wa michezo. Meza ndefu, watumishi upande mmoja, mawakala wa vyama upande wa pili wakichungulia kama mafisi ya hitima. Karatasi zenye walakini huwekwa kwenye trei peke yake, na Mkuu, kwa niaba ya Msimamizi wa Uchaguzi, huziamua moja moja mbele ya mawakala. Sheria inasema karatasi yenye maandishi ya kumtambulisha mpiga kura ni kura iliyoharibika, hata kama X yake inameremeta. Ni sheria nzuri. Inazuia mtu kununua kura kisha akaitafuta kwa jina la aliyeiuza.

Asubuhi moja niliitwa mbio kwenye meza ya trei.

"Rehema, hiki ni Kiswahili?" Mkuu akauliza. "Ni tusi?"

Nikaangalia. Chini ya X safi kabisa palikuwa na herufi kubwa zilizobonyezwa hadi karatasi ikavimba upande wa pili: MIMI MAMA KESSY NDIYE NILIYEPIGA HII. ISIFUTWE.

Nilitafsiri. Mawakala wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mkuu akasema kwa upole, "Kwa bahati mbaya ametutajia jina," akagonga muhuri wa KURA ILIYOKATALIWA. Na haikuwa peke yake. Trei ile ilikuwa na saini, majina ya ukoo, hata alama ya kidole gumba iliyochovywa kwenye rangi ya mdomo. Zote zilitoka kwenye sanduku langu.

Sasa mtaona tatizo langu. Nilikuwa nimekula kiapo cha siri. Mtumishi wa uchaguzi haruhusiwi kumwambia mtu yeyote alichoona kwenye karatasi ya kura, hata mwenye kura mwenyewe. Wiki ileile nilikwenda dukani kununua unga, nikamkuta Mama Kessy amekaa juu ya kigoda chake, ana furaha ya ushindi.

"Umeona mdogo wangu? Tumepiga! Na yangu mimi hawaichezei."

Nikalipa, nikatoka. Nililia ndani ya basi, nasema kweli. Nilimtoa mama wa watu nyuma ya mnyororo wake, nikamwambia ana kura, naye tangu siku hiyo amekuwa akifunga duka, anavaa kitenge cha harusi, anapanga mstari, na kura yake inaishia kwenye trei. Kibaya zaidi, nilijua alimpigia nani. Sikupenda kulijua jambo hilo. Lilinikaa kama mfupa wa samaki, na halitanitoka mdomoni mpaka kaburini.

Nikaamua kwamba hali hii itakoma kabla sijastaafu.

Uchaguzi uliofuata nilianza kumwambia kila mpiga kura nilipomkabidhi karatasi, Mzungu kwa Mwafrika: "Weka X tu, usiandike jina lako." Kueleza namna ya kupiga kura kunaruhusiwa, mradi usimtaje mgombea. Mama Kessy alipofika, akanisikiliza hadi mwisho, akatabasamu.

"Sawa mdogo wangu. Nimekusikia."

Kesho yake trei ikamtaja tena. Safari hii aliongeza: HATA MKIKATAZA.

Nikaenda kwa Mkuu kuomba tubandike tangazo la Kiswahili. Akatafuna tufaa lake muda mrefu. "Leo Kiswahili, kesho Kiyoruba, keshokutwa Kihispania. Ukuta utatosha, Rehema? Na karatasi yenyewe imeandikwa usiandike kitu kingine."

"Wanaisoma, bwana. Hawaiamini."

"Kuamini si idara yetu," akasema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi bomba, na kwake yeye maji yalikuwa yanatoka. Niliomba tena mwaka uliofuata, nikaomba na uliofuata huo, mpaka akawa akiniona koridoni anasema "Hapana" kabla ya "Habari za asubuhi".

Halafu ukaja uchaguzi ambao kata yetu iliyumba kweli. Vyama viwili vilifuatana kwa karibu hadi mwisho, wakahesabu, wakahesabu upya. Pengo kati ya aliyeshinda na aliyeshindwa lilikuwa dogo kuliko rundo la kura zilizokataliwa. Sitasema rundo lile lingemwangukia nani. Nitasema tu kwamba nilisimama karibu nalo mpaka mshindi akatangazwa.

Mkuu alistaafu mwaka huo, akatuachia kikapu cha matufaa. Mahali pake akaja mwanamke kutoka Australia, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, cheo chake Naibu Msimamizi wa Uchaguzi. Alikuwa amefanya kazi hii kwao, kwenye jimbo alilosema upande mmoja ni mashamba ya ngano, upande mwingine mji wa wahamiaji nje ya jiji kubwa. Kwao kupiga kura ni lazima, usipotokea unatozwa faini, na vituoni wanachoma soseji. Jimbo lake alilijua kituo kwa kituo: wakulima hawakuwahi kumwacha mtu wao tangu enzi za babu zao, mji wa wahamiaji ulimwacha mtu wake mara tu kiwanda cha magari kilipofungwa, na kituo kimoja cha kura karibu na reli ndicho kilichoamua mshindi.

Siku ya kwanza aliniuliza habari za kata yangu. Nikampa rangi, masanduku, maflati ya vioo, yote niliyowaambia ninyi. Akasikiliza.

"Hiyo ni historia ya zilizohesabiwa," akasema. "Za kutupwa je? Kule kwetu mji wa wahamiaji ulikuwa na kura nyingi zilizoharibika kuliko sehemu nyingine zote za jimbo. Tulisema hawajui kusoma. Kumbe kanuni ya kujaza karatasi ya uchaguzi wa mkoa na ile ya uchaguzi wa taifa zilikuwa tofauti, na sisi ndio tuliowachanganya. Zako zinaharibika vipi?"

"Wanaandika majina."

"Kwa nini?"

Miaka yote nilikuwa nikipigania tangazo la kuwakataza, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Kuuliza si ujinga, tunafundishana, na mimi sikuuliza.

Nikaenda dukani. Sikuweza kumuuliza Mama Kessy habari za kura yake, kwa hiyo nikaulizia habari za penseli.

"Dada, mbona watu wetu wanalalamikia ile penseli?"

Akaacha kupima dagaa. "Wewe ulizaliwa jana? Marehemu kaka yangu aligombea uenyekiti wa chama cha ushirika wa kahawa kijijini. Kura tulipiga kwa penseli, kila mtu anajua alimpigia nani. Asubuhi zikahesabiwa, kaka hana kitu. Jirani yetu alikuta kifutio kwenye jalala la ofisi, kimekwisha, kimebaki kama punje ya hindi. Kaka hakuwahi kunyanyua kichwa tena."

Binti yake Upendo, mzaliwa wa hapa hapa, akasema kutoka nyuma ya kaunta bila kuinua macho kwenye simu, "Mum, it's just a pencil. Nobody's rubbing it out." Yaani ni penseli tu, hakuna anayeifuta.

"Unaona?" Mama Kessy akaniambia. "Huyu hajaibiwa kitu. Mimi nikipewa kitu cha kufutika, lazima nikiwekee ulinzi. Na anayekwambia usiweke alama, mdogo wangu, huyo ndiye mwizi."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi kila mwaka nilikuwa nikimtikisia unyasi usoni nikidhani namsaidia.

Nilimweleza Naibu habari za penseli, sikumtaja mtu. Akainuka hapo hapo, akaangalia kanuni. Hakuna sheria inayolazimisha penseli. Ilikuwa mazoea tu, kwa sababu wino huchafua karatasi ukikunja, na penseli haikauki. "Basi wape kalamu," akasema. "Za wino unaokauka haraka. Na tangazo lako andika, lakini usianze na katazo. Anza na hofu yao."

Wakuu wengine walinung'unika. Wakala mmoja wa chama aliandika barua kuuliza kwa nini kituo kimoja kinapewa upendeleo, Naibu akajibu kwa kupeleka kalamu vituo vyote vitatu. Tangazo nililiandika mimi, kwa Kiswahili, na wenzangu wakaliandika kwa Kiyoruba, Kisomali na Kihispania. Ukuta ulitosha. Langu lilisema: *Hapa kuna kalamu ya wino. Haifutiki. Weka X yako. Kura ni siri yako, usiandike jina, kwa sababu kura yenye jina haihesabiwi.*

Siku ya uchaguzi, wa mwisho kwangu, watu walikuja na vitambulisho vyenye picha, maana siku hizi ndiyo kanuni, na pasipoti ya Tanzania inakubalika. Mama Kessy akatoa yake kwa madaha. Akasoma tangazo lote, midomo ikicheza. Akaingia kwenye kituturi. Akakaa humo kwa muda ulionifanya nihesabu vigae vya sakafu. Alipotoka aliniangalia, akatumbukiza karatasi, akaenda zake.

Asubuhi ya pili nilisimama kwenye meza ya trei tangu mwanzo. Zilikuja karatasi tupu, moja yenye matusi ya Kiingereza, moja yenye picha ya paka. Ikaja moja yenye saini, nikainama kuisoma, lakini haikuwa yake. Nikangoja hadi karatasi ya mwisho ya sanduku langu. Mama Kessy hakuwemo.

Alikuwa kwenye mafungu ya kura zilizohesabiwa, katikati ya kata nzima. Mwekundu, Kijani, Buluu, sikujua, na sitajua kamwe. Nilijipangusa macho, na Naibu akanipa kitambaa. Nani alishinda kata yetu mwaka ule mtaona kwenye kumbukumbu za halmashauri, kwangu haikuwa habari kubwa.

Sasa nimestaafu. Asubuhi natembea, mchana nabishana na wajukuu wanaonijibu kwa Kiingereza. Ninyi mnaoingia kazi hii sina la kuwafundisha kuhusu kompyuta zenu. Nawaambia tu mkiona kosa linajirudia, msikimbilie kubandika katazo. Nendeni mkanunue unga, mkaulize.

Juzi nilikwenda kununua wa kwangu. Mama Kessy amezeeka, kigoda sasa kina mto, lakini sauti ni ile ile.

"Mdogo wangu," akasema akinipimia, "lile tangazo lenu pale kanisani, mliliandika kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya watu wote, dada."

"Eti usiandike jina!" Akacheka mpaka akashika ubavu. "Kuna mshamba gani wa kuandika jina lake kwenye kura?"

Kiapo ni kiapo. Nikafungua mfuko wangu, akamimina unga.